Siku za Yelfira Zilipopotea Njia

Yelfira alijua kwamba mama yake keshajua, maana uma ulianza kupiga yai jikoni kabla mumewe hajavua hata viatu.

Kiini cha yai na sukari hupigwa mpaka viumuke viwe povu, kisha humiminiwa chai ya rangi inayochemka na kukamuliwa ndimu. Mjini Payakumbuh hakuna asiyejua chai hiyo hupewa mwanamume gani na kwa ajili ya kazi gani. Refdinal alisimama mlangoni na mkoba wake, akausikiliza ule uma, masikio yakamwiva.

"Sutan, karibu, karibu," alisema Amak, mama yake Yelfira, akitoka na glasi. Kwa wenzake alikuwa Refdinal, ila kwa wakwe alikuwa Sutan Mangkuto, jina la heshima alilovishwa siku ya ndoa, na mama mkwe hakuwahi kumwita vinginevyo. "Kunywa ingali moto. Mimi namchukua Ghifar, tunakwenda kulala kwa mama yako mdogo Ros."

"Amak, ni saa kumi alasiri," alisema Yelfira.

"Ros anapenda wageni wanaowahi."

Akambeba mjukuu kiunoni, akachukua mwavuli, akaenda zake. Refdinal akaitazama glasi, akamtazama mkewe, akainywa yote kwa mkupuo mmoja, kama mtu anayemeza dawa ya mchango.

Ilikuwa mara ya tatu Yelfira kumwita mumewe aje nyumbani namna hiyo. Refdinal aliuza mapazia sokoni Pekanbaru, ng'ambo ya milima, akishirikiana na binamu yake. Wanaume wengi wa kwao huenda kutafuta maisha mbali, na wake hubaki kwenye nyumba za mama zao. Nyumba yenyewe ni ya wanawake: hutoka kwa mama kwenda kwa binti, na mume huishi humo kama mgeni anayependwa. Yelfira alikuwa na kaka watatu, hana dada. Alikuwa na mtoto mmoja, Ghifar, mvulana. Kwa hiyo hata watu wasiposema, aliyasikia wanayoyawaza.

Lakini lililomsumbua hasa halikuwa nyumba. Alitaka mtoto mwingine, basi. Alitaka uzito ule kifuani tena, na sauti mbili za watoto wakigombana uani.

Tatizo lilikuwa siku zake. Tangu amzae Ghifar hakuwa ameona hedhi karibu miaka miwili, kwa sababu mtoto alinyonya mchana na usiku. Kisha zikarudi ghafla, akafurahi. Mwezi uliofuata hazikuja. Akapima mimba, hakuna. Zikaja alipokuwa ameshazisahau, tena kabla hajapumua zikaja nyingine. Akajaza programu ya kwenye simu, ile yenye ua la waridi linalochanua siku ya yai kupevuka. Akanunua na vijiti vya kupimia. Ua lilipochanua, au kijiti kilipoonyesha mistari miwili, alimpigia Refdinal na kumwita kama wake wa kwao wanavyowaita waume: "Uda, njoo." Naye alifunga duka, akapanda gari, akavuka milima saa tano nzima.

Wiki zilipita, mimba haikuingia. Ua la kwenye simu lilisinyaa na kuahidi kuchanua siku nyingine.

Safari hii pia. Asubuhi Yelfira alipima tena. Mstari wa pili ulikuwa umefifia, hauonekani mpaka ukigeuze kijiti kwenye mwanga. Alipotoka bafuni alimkuta mumewe kwenye ngazi ya mbele, anafunga mkoba.

"Uda, umekasirika," alisema.

"Sijakasirika. Barabara imenichosha tu." Akavuta zipu, ikakwama, akaivuta tena. "Diak, mke wangu, nikuulize kitu. Unaponipigia simu, nani ananihitaji? Wewe au kile kijiti?"

Yelfira alitaka kucheka, lakini alipoutazama uso wa mumewe kicheko kikamkauka.

"Zamani nilikuwa nikishuka kwenye gari tunakwenda moja kwa moja kula mishikaki pale njia panda. Unanisimulia umbea wa mtaa mzima. Sasa naja, mama yako ananinywesha yai, mtoto anahamishwa nyumba, wewe unatazama saa. Nimekuwa fahali wa kukodi."

"Fahali wa kukodi angalau hupewa nyasi," Yelfira alijibu. Maneno yalimtoka kabla hajayafikiri.

Refdinal aliguna, mara akaangua kicheko, naye akacheka, wakacheka mpaka jirani akachungulia. Kisha Yelfira akajikuta analia. Mumewe akaacha mkoba, akamvuta akae kando yake kwenye ngazi, wakakaa hivyo mpaka dereva wa gari la Pekanbaru akapiga honi ya pili.

*

Ibu Nurlis, yaani Mama Nurlis, mkunga aliyemzalisha Yelfira alipompata Ghifar, alikuwa na chumba kidogo cha kazi nyuma ya msikiti, na miwani aliyoifunga kwa uzi shingoni. Alimsikiliza Yelfira mpaka mwisho.

"Hiyo simu yako inahesabu nini?" akauliza.

"Siku zangu zilizopita."

"Na siku zako zilizopita zina mpango?"

"Hazina, Ibu."

"Basi inahesabu upepo." Akavua miwani. "Sikia, mwanangu. Mwili unaonyonyesha huwa umejipumzisha. Unapoanza kuamka hauamki siku moja. Unaandaa yai, halafu unaghairi. Unaandaa tena, unaghairi. Kila ukiandaa, kijiti kinaweza kukuchorea mistari miwili. Wewe unamwita mume, na yai lenyewe halitoki."

"Masikini Uda wangu," Yelfira alisema.

"Masikini kweli, na barabara ile." Mkunga akatabasamu. "Je, ute unauona? Ule mwangavu, unaovutika kama ute wa yai bichi?"

Yelfira akainamisha kichwa. Mambo haya hata kwa mkunga yalimtia haya. "Nauona. Unakaa siku moja mbili, unapotea. Wiki nyingine unarudi."

"Ndiyo mwili unajaribu huo. Ukiuona, na mume akiwa karibu, kutaneni, msingoje ua lichanue. Halafu nunua kipimajoto. Pima kila asubuhi ukiwa bado umelala, kabla ya kuinuka, kabla ya kusema na mtu. Siku joto lako litakapopanda likabaki juu siku tatu mfululizo, jua yai limetoka."

"Basi hapo ndipo nimwite?"

"Hapo umeshachelewa, mlango umefungwa. Joto halikuambii umwite lini. Linakuambia tu kwamba safari hii mwili haukughairi. Ukishaujua mwendo wa mwili wako, hutabahatisha tena." Kisha akauliza, kama anayeuliza bei ya vitunguu, "Ghifar usiku ananyonya?"

Yelfira akatazama sakafu. "Kila akitaka."

"Na anataka mara ngapi?"

"Mara nyingi."

"Kipimajoto hakina maana kwa mtu asiyelala. Na kunyonya kwa usiku ndiko kunakouzuia mwili zaidi. Sikulazimishi umwachishe, wapo wanaoshika mimba mtoto akiwa ziwani. Umeuliza, nami nimejibu. Ukitaka, anza na usiku. Mpe baba yake amlaze."

"Baba yake yuko Pekanbaru."

"Si huja akiitwa?" alisema Ibu Nurlis.

*

"Uda, njoo," Yelfira alisema kwenye simu jioni ile.

Nyuma ya mumewe zilisikika kelele za soko. "Mistari miwili?"

"Hakuna mstari wowote. Nataka uje umwachishe mwanao ziwa."

Refdinal alicheka kwa nguvu hata Yelfira akaiweka simu mbali na sikio. Alikuja keshokutwa yake, duka akamwachia binamu, akasema atakaa mpaka kazi iishe.

Walitandika godoro chumba cha mbele, baba na mwana, na Yelfira akahamia kwa Amak. Usiku wa kwanza Ghifar alilia sana. Alimwita mama, alimwita bibi, alimwita hata paka. Yelfira alilala amebana mto kifuani, nguo imelowa maziwa, na kila alipotaka kuinuka Amak alimkamata mkono. Kulipokucha, Refdinal alitoka na macho mekundu, mtoto amelala begani kwake amefungwa kwa shuka la sarungi, na alikuwa bado anaimba kwa sauti iliyokauka tangazo la sabuni, wimbo pekee aliomudu kuukumbuka.

"Ulimwimbia hilo tangu saa ngapi?" Yelfira aliuliza.

"Usiniulize. Mimi sitafulia sabuni hiyo tena maishani."

Mchana, jua lilipokuwa kali, Yelfira na mama yake walianika mikate yao ya wali kwenye nyungo uani, ile ambayo ikikauka hukaangwa na kuuzwa. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yao. Matiti yalimuuma hata kuinua mkono kulimpa taabu. Amak alimwona akikunja uso.

"Mimi wewe nilikuachisha kwa manjano," alisema. "Nilijipaka tele, nikidhani utachukia. Wapi! Ulinyonya hivyohivyo. Wiki nzima ulikuwa na mdomo wa manjano, majirani wananipa pole wakidhani mtoto ana ugonjwa wa ini."

Yelfira akacheka huku anajishika kifua. Alipanga mikate mingine michache, kisha akasema bila kuinua macho, "Amak, nisipopata binti itakuwaje?"

"Itakuwaje nini?"

"Hii nyumba."

Amak alifukuza nzi. "Nyumba ina kaka zako, wana maneno mengi, watapata la kusema. Mimi sikuombei binti kwa ajili ya mbao na mabati." Akageuza mkate mmoja uliokuwa umepasuka. "Mimi kila siku nina wewe wa kugombana naye jikoni. Nikiweka chumvi unasema imezidi. Nikifunga dirisha unalifungua. Nawaza tu, wewe ukizeeka utagombana na nani?"

Yelfira akasogea karibu, akamwegemea mama yake bega kwa bega, na Amak akamwambia asimlalie, jua kali.

Asubuhi ya nne Ghifar alitoka chumbani mwenyewe kwa miguu yake, akaja akasimama mbele ya Yelfira.

"Bunda, nyonyo imekwisha?"

"Imekwisha, mwanangu."

Mtoto akafikiri. "Kesho itakuwepo?"

"Haitakuwepo."

"Basi nipe ndizi ya kukaanga."

Akapewa ndizi, akaenda kuila na paka. Refdinal akainua mikono juu kama aliyeshinda mechi. Yelfira alikimbilia nyuma ya nyumba kulia, si kwa uchungu wa kifua, bali kwa kuwa lile jambo kubwa la miaka miwili na zaidi, lake yeye na mtoto wake peke yao, lilikuwa limebadilishwa kwa ndizi. Mumewe alimfuata huko. Kufariji hakukuwa kipaji chake. Alisimama tu karibu naye, akimfuta uso kwa pindo la sarungi ileile iliyokuwa ikinuka mate ya mtoto.

*

Kabla ya kuondoka Refdinal aliweka sharti. Hataitwa tena. Atakuja kila baada ya wiki mbili, yai lipo au halipo, na akishuka kwenye gari wanakwenda kwanza kula mishikaki. Yelfira naye akamwomba mama yake apumzishe uma. Amak alinuna siku mbili. Mkwe alipokuja tena alimpa kahawa ya kawaida kabisa, na kando ya kikombe akamwekea mayai mawili ya kuchemsha.

"Haya si chai," alisema alipoona binti yake anamkodolea macho.

Yelfira alilifuta lile ua kwenye simu. Kila asubuhi, kabla ya kusema na mtu, aliweka kipimajoto chini ya ulimi. Mwezi wa kwanza joto lilikuwa tambarare, halipandi wala kushuka sana. Ute ulikuja ukapotea, kama mkunga alivyosema, na hedhi ikaja ilivyotaka. Zamani angelia. Sasa alijua kinachotokea ndani yake, na alijikuta anaongea na mwili wake kama anavyoongea na Ghifar anapojifunza kuvaa suruali: haya, karibu, jaribu tena.

Jioni aliongea na mumewe kwenye simu, mambo ya ovyoovyo. Mteja aliyerudisha pazia akidai limembadilisha mumewe rangi. Mvua. Mama mdogo Ros na meno yake mapya. Yai halikutajwa.

Mwezi uliofuata, siku ya Jumatano, ute ule ulikuja mwingi na mwangavu kuliko alivyowahi kuuona tangu amzae Ghifar. Haikuwa wiki ya Refdinal. Yelfira alishika simu, akaiweka chini. Alikuwa ameahidi. Akazungukazunguka jikoni, akafungua dirisha, akalifunga. Mwishowe akaenda chumbani akatoka amevaa baju, gauni lake la kijani, na mtandio mpya.

"Unakwenda wapi?" Amak aliuliza.

"Pekanbaru."

Amak alimtazama kuanzia mtandio mpaka viatu. Aliingia jikoni na Yelfira akasikia kabati la mayai linafunguliwa.

"Amak!"

"Nafunga wali wa njiani! Na nyama ya rendang. Huyo mumeo amekonda. Ghifar atabaki nami."

Hakuwahi kwenda Pekanbaru tangu mwaka wa kwanza wa ndoa. Barabara ilipinda juu ya bonde, kisha ikateremka kwenye joto na mashamba ya michikichi, na kadiri gari lilivyokwenda ndivyo Yelfira alivyozidi kujihisi msichana aliyetoroka nyumbani. Alifika sokoni jioni. Refdinal alikuwa juu ya ngazi, amejitanda pazia la dhahabu mabegani, anamwonyesha mteja jinsi linavyoanguka.

"Na lile la zambarau lipo?" Yelfira aliuliza kutoka chini.

"Lipo, Ibu, subiri kido—" Aligeuka. Ngazi ikayumba, mteja akapiga ukelele, binamu akairukia kuishika.

Aliteremka polepole, pazia likimburuta nyuma. "Ghifar anaumwa?"

"Mzima."

"Amak?"

"Amekuletea rendang."

"Sasa nani kakuita?"

"Hakuna aliyeniita. Wewe ukija kwangu unaitwa au unakuja?" Akashusha sauti. "Nimekukumbuka, Uda. Na lile jambo jingine pia lipo, sikufichi. Lakini ningekuwa nimekuja kwa jambo hilo tu, nisingevaa mtandio mpya."

Wauza mapazia wa vibanda vya jirani walikuwa wameacha kazi wanatazama. "Bwana, leo mapenzi yameletwa mpaka dukani!" mmoja akapaza sauti, na ujia mzima ukacheka. Binamu alikohoa, akasema amekumbuka ana mgonjwa wa kumwona na atalala hukohuko, kisha akaanza kushusha milango ingawa mteja alikuwa bado yumo ndani.

Walikula rendang ya Amak kwa mikono, wameketi kwenye marobota ya vitambaa, kwenye chumba cha nyuma kilichokuwa na godoro moja na feni moja. Yelfira alimsimulia umbea wa mtaa mzima. Alikaa kwake siku tatu. Mchana alimsaidia kuuza, na ikaonekana ana ulimi wa biashara kumshinda yeye na binamu yake wote wawili.

Asubuhi ya kurudi nyumbani alitazama kipimajoto, akakitazama tena. Akamtikisa mumewe.

"Limepanda."

"Maana yake tumepata?"

"Maana yake mwili haukughairi. Mengine hatujui."

Refdinal alimshika mkono, akafumba macho tena. "Basi tukae hivi kidogo," akasema, "tusijue pamoja."

Joto lilikaa juu siku tatu, kama mkunga alivyosema. Likakaa wiki. Likakaa mbili na zaidi. Yelfira hakumwambia mtu, hata Amak, ambaye alikuwa anajizuia kuuliza kwa taabu kubwa mpaka akawa anagombana na masufuria. Alingoja Ijumaa ya Refdinal kuja, akangoja ashuke kwenye gari, waagize mishikaki, sahani ije. Ndipo akasema.

Refdinal alibaki na mshikaki hewani, mchuzi ukimdondokea kwenye shati. Alimwinulia muuzaji kidole, akaagiza sahani nyingine, na ilipokuja akaisukuma mbele ya mkewe, macho yamemjaa maji, akisema ni pilipili.

Mtoto alizaliwa msimu wa mvua, chumbani kwa Ibu Nurlis, baada ya sala ya adhuhuri. Alikuwa mvulana. Mkunga aliposema, kila mtu alimwangalia Amak, na Yelfira aliyekuwa amelala amechoka aliinua kichwa kumwangalia pia.

Amak alinyoosha mikono. Akampokea, akamkagua vidole kimoja kimoja, akamnusa utosini kwa muda mrefu.

"Ana sauti huyu," alisema. "Mmemsikia? Amenifokea mimi, bibi yake, hata saa moja ya dunia hajamaliza." Kisha akamgeukia mkwe wake aliyekuwa amesimama mlangoni. "Sutan, unangoja nini hapo? Blanketi limesahaulika nyumbani. Mtoto wetu anasikia baridi."

Refdinal akatoka mbio kwenye mvua, kwa pikipiki ya kuazima, bila koti. Amak akakaa kwenye ukingo wa kitanda, mjukuu mkononi, akaanza kumweleza majina ya watu wa nyumbani, mmoja baada ya mwingine, na nani kati yao wa kumwogopa.